Viatu vya Afande: kisa cha pedali za kunasa kwenye tope la Elgon

Mteja ni askari mstaafu wa hapa Mbale, Uganda, chini ya Mlima Elgon, miaka hamsini na ushee, mwili mkubwa, mguu mpana wa mtu aliyeshinda ndani ya buti nusu ya maisha yake. Karakana nzima inamwita Afande, naye anaitika. Baiskeli yake ni ya mlimani, fremu ya alumini, shokabu mbele tu, tairi za inchi 29. Aliinunua Kampala ikiwa imeshatumika. Njia zake ni za aina mbili: vijia vya juu ya Wanale vinavyokatiza mashamba ya kahawa na migomba, na mara mojamoja safari ya Sipi, ambako anapenda kuiacha lami na kuteremka kwa njia za miguu.

Malalamiko yake yalikuwa mafupi. "Fundi, pedali ni ya klipu, kiatu ni cha klipu. Nimekanyaga mpaka goti linauma, hainasi. Springi zimekufa?"

Springi zilikuwa nzima. Pedali zilikuwa Crankbrothers Candy, mpya, zimetumwa na mpwa wake aliyeko Uingereza. Viatu alivipata mwenyewe soko la Owino, Kampala, kwenye meza za mitumba, vikiwa tayari na kliti, yaani kile kipande cha chuma kinachofungwa chini ya soli ili pedali ikinase. Kliti zenyewe zilikuwa zimezibwa na udongo mkavu, hujui chuma kinaanzia wapi na soli inaishia wapi. Niliukwangua kwa kipande cha spoki nilichokinoa ncha, nikapangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, maandishi yakajitokeza: SH51. Hiyo ni kliti ya SPD, mfumo wa pedali za kunasa wa kampuni ya Shimano. Candy haiwezi kuinasa hata uikanyage kwa nguvu za kikosi kizima.

Kosa hili ni la kawaida, na wala si la uzembe. Linatokana na jinsi vitu hivi vilivyotengenezwa. Kampuni ya Look ya Ufaransa ndiyo iliyozitangaza pedali za kunasa kwa waendesha baiskeli za barabarani mwaka 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa nazo. Kliti zake ni kubwa, za plastiki, zinafungwa kwa bolti tatu, na ukitembea nazo unatembea kama bata. Mwaka 1990 Shimano wakaleta SPD kwa ajili ya baiskeli za mlimani: kliti ndogo ya chuma, bolti mbili, imezama ndani ya soli ili mtu aweze kushuka na kutembea. Wengine waliokuja na mifumo yao ya mlimani, wakiwamo Crankbrothers na Time, walifuata nafasi zilezile za bolti mbili. Ndiyo maana kiatu kimoja cha mlimani kinakubali kliti ya kampuni yoyote kati ya hizo. Lakini kliti ikishafungwa, imechagua pedali yake. Kiatu hakina mfumo; mfumo uko kwenye kliti na pedali. Muuzaji anayekuambia "hiki ni kiatu cha SPD" anamaanisha tu kwamba kina matundu mawili.

Jibu la haraka, basi, lilikuwa rahisi: fungua SH51, tafuta kliti za Crankbrothers, funga, mpe mtu baiskeli yake aende. Ni jibu la bei ndogo kuliko yote. Sikulitoa siku hiyo, kwa sababu nilikuwa nimeshakigeuza kiatu na sikukipenda nilichokiona.

Kiatu kwanza

Vilikuwa viatu vya mashindano, soli ya kaboni, vyembamba, vyepesi, vya kupendeza macho. Mtu wa Ulaya aliyevivaa kwanza aliviendesha kwenye njia za mbio ambako hushuki chini mpaka umalize. Meno ya raba chini yalikuwa yamelika hadi yakalingana na kliti. Hili ni jambo la kupima kwa jicho: laza kiatu juu ya meza iliyonyooka, ikiwa kliti inagusa meza kabla ya raba, basi kwenye jiwe lenye maji utakuwa umesimama juu ya chuma. Nilimwomba Afande avivae apande ngazi mbili za saruji pale nje ya karakana. Kisigino kilikuwa kinachomoka kila hatua, kwa kuwa soli haikunji hata kidogo, na kliti ikalia kwenye saruji.

"Wanale unashuka kwenye baiskeli mara ngapi, Afande?"

"Kwenye mawe ya kule juu? Naisukuma. Mvua ikinyesha naibeba kabisa."

Hapo ndipo mizani ilipoegemea. Mtu anayeendesha Elgon huku kwetu ni mtembea kwa miguu mwenye baiskeli. Kuna miteremko ya mizizi, kuna vijito visivyo na daraja, kuna udongo mwekundu wa mfinyanzi ambao ukilowa haukai chini wala haukai kwenye tairi, unakaa katikati. Kiatu cha kaboni kinampa mtu wa mashindano faida ya kusukuma bila kupoteza nguvu, na faida hiyo ni ya kweli. Lakini haimsaidii aliyeinama akiitoa baiskeli kwenye mfereji.

Halafu mguu wenyewe. Alasiri, baada ya mtu kushinda kutwa amesimama, mguu huwa umevimba kidogo. Huo ndio wakati wa kupima. Nilimsimamisha Afande juu ya boksi la karatasi ngumu, soksi zake za kawaida zikiwa miguuni, nikachora kwa kalamu iliyosimama wima. Kulia sentimita 27.1, kushoto 27.4. Viatu vya mitumba vilikuwa saizi 43, na kwenye chati ya Shimano, kwa mfano, 43 ni mguu wa sentimita 27.2 na 44 ni 27.8. Kwa urefu pekee mguu wa kushoto ulikuwa umeshapita. Kwa upana hali ilikuwa mbaya zaidi: nilipotoa kitanda cha ndani cha kiatu na kumwambia akikanyage kikiwa sakafuni, kidole kidogo kilining'inia nje. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko namba yoyote ya kwenye ulimi wa kiatu, maana namba za kampuni hii na ile hazifanani.

Afande alitetea viatu vyake. Alisema buti za kwanza jeshini zilimbana hivyohivyo zikalegea baadaye. Buti ni ngozi, nikamwambia, hiki ni kitambaa cha plastiki juu ya kaboni. Hakina pa kulegea. Mguu uliobanwa pembeni kwenye kiatu cha kunasa huanza kuwaka chini ya vidole baada ya saa moja, na dereva hudhani tatizo ni pedali.

Nilipokunja ncha ya soli kwa kidole gumba pia niliona nyufa ndogo mahali raba ilipogundishwa. Viatu vilivyokaa miaka stoo vina ugonjwa huo: gundi na povu la ndani huoza bila kutumika, na soli huachia siku ya tatu ya safari. Anayenunua mitumba akague hapo kabla ya kuangalia rangi.

Kwa hiyo viatu vilikataliwa, na swali la pedali likafunguka upya.

Je, asiache kabisa kunaswa?

Nilimuuliza, na ninamuuliza kila mteja wa aina yake. Pedali bapa zenye vijipini vya chuma na kiatu cha raba laini ni mfumo kamili. Wapo wanaoteremka njia mbaya kuliko za Wanale bila kufunga kliti hata moja, na ukitaka kuweka mguu chini unaweka tu. Kwa mgeni wa baiskeli ya mlimani ningeanzia hapo bila kusita.

Afande hakuwa mgeni. Alikunja suruali akanionyesha muundi wa kushoto: safu ya makovu ya meno ya pedali. Kifundo cha mguu huo kiliumia zamani, hakina nguvu ya kuukaza mguu mahali pake kwenye mitetemo, hivyo unateleza na pedali inarudi na kumpiga. Anapopanda mlima mrefu umekaa pale. Akiteremka juu ya mawe unaruka. Hiyo ni sababu nzito ya kutaka kunaswa. Nikakubali.

Candy au SPD

Hapa ndipo mafundi wanapogombana, na kila upande una haki yake.

Candy, pamoja na ndugu yake Eggbeater, ina mdomo wa kunasa pande nne. Mguu ukishuka wowote ule unakutana na mdomo. Tena umbo lake ni la waya zilizo wazi, tope linasukumwa nje badala ya kushindiliwa ndani. SPD ina pande mbili, na nafasi kati ya chuma cha mbele na cha nyuma ni ndogo. Kwenye mfinyanzi wetu wa mwezi wa nne nafasi hiyo hujaa, unakanyaga, unakanyaga tena, hakuna mlio. Kama tope lingekuwa hoja pekee, Candy ingeshinda, na mtu wa njia za tope aliyezizoea simshauri azitoe.

Hoja ya upande wa pili ni kliti. Za Crankbrothers ni za shaba ya njano, laini kwa makusudi, ili ziishe zenyewe badala ya kuila pedali. Ukiwa mtu wa kutembea juu ya mawe, zinaisha upesi. Kliti za SPD ni za chuma kigumu, zinadumu. Kliti ni kitu cha kwisha kama breki padi, kwa hiyo swali si "ipi bora" bali "ikiisha nitaipata wapi". Wapanda baiskeli wengi ninaowahudumia hapa wana SPD. Afande akipoteza bolti njiani Sipi, mwenzake atakuwa nayo. Kliti za Candy angesubiri mpwa asafiri.

Na kuna jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo lililokata shauri: kutoka. Candy haina skrubu ya kulegeza springi. Kliti zake moja ina vidoto viwili, na kwa kubadilishana kulia na kushoto unachagua pembe ya kutoka kati ya digrii 15 na 20; basi. SPD nyingi zina skrubu ndogo kila upande, unalegeza kwa alenki ya milimita 3 mpaka mtu mwoga aridhike. Zaidi ya hapo ipo kliti ya SH56. SH51 hutoka kwa kuzungusha kisigino pembeni tu. SH56 inaachia ukizungusha upande wowote, na hata ukiuvuta mguu juu kwa nguvu, kama anavyofanya kila mtu anayeshikwa na hofu. Wenye kasi hawaipendi kwa sababu inaweza kuchomoka wakati wa kuvuta pedali kwa nguvu. Afande havuti pedali kwa nguvu. Afande ana kifundo kibovu na miaka hamsini na ushee, na mfupa wa mtu wa umri huo haupoi kama wa kijana.

Basi SPD. Lakini ipi? Nilimwekea mbele aina tatu. M520 ni ya msingi kabisa, chuma, pande mbili, jozi gramu 380, haifi kirahisi. EH500 ina upande mmoja wa kunasa na mwingine bapa. Nzuri kwa mtu anayekwenda sokoni na sandali na Jumapili anapanda mlima, ila kwenye kilima kikali, ukianza kuondoka huku unatafuta upande unaonasa, utaanguka kabla hujaupata. M530 ni kama M520 iliyozungushiwa fremu pana ya kukanyagia. Inazidi gramu 75 hivi, na hizo gramu ndizo nilizozitaka: kliti ikijaa tope, mguu una mahali pa kusimama na kusukuma mpaka pa kukwangulia. Tulipata jozi ya M530 iliyotumika, beringi zikiwa nzima. Nilizipima kwa kuzungusha ekseli kwa vidole: inatakiwa ijisikie nzito kidogo ya grisi, bila mchanga na bila mchezo.

Kufunga

Kabla ya pedali mpya kuingia ilibidi nirekebishe mkono wa kranki, ule unaoshikilia pedali. Afande alikuwa amejaribu kufunga Candy mwenyewe nyumbani, na ya kushoto ilikuwa imeingia mshazari, mzunguko mmoja hivi. Nyuzi za pedali ya kushoto, yaani mikato yake ya skrubu, zimegeuzwa: zinakaza kinyume na mshale wa saa. Herufi L na R zimechongwa kwenye ekseli, ndogo, na watu hawazioni. Kwenye baiskeli nyeusi za mizigo zenye kranki ya chuma kosa hilo linasameheka. Kwenye alumini, ekseli ya chuma inashinda na nyuzi zinatoka kama unga. Nilipitisha tapu, chombo cha kuchonga nyuzi, ya inchi 9/16, polepole, na mafuta, nyuzi zikarudi. Kisha grisi nyingi, nikaanza kwa vidole mizunguko mitatu minne, spana ya 15 ikaja mwisho.

Viatu vipya vililetwa na mpwa: vya njia za mlimani, saizi 44 toleo pana, soli ya raba yenye meno marefu na bamba la nailoni ndani, kamba za kawaida zenye mkanda wa velkro juu yake. Soli inakunja mbele, kwenye vidole, na kukaza katikati. Sikutaka kile kitufe cha kuzungusha kinachovuta waya. Ni kizuri, lakini kikivunjika Budadiri hakuna wa kukutengenezea, na kamba ya kiatu inauzwa kila duka.

Kliti nilizirudisha nyuma kiasi kuliko vitabu vya mbio vinavyosema, nyuma kidogo ya kifundo cha kidole gumba, kwa sababu mtu anayesimama juu ya pedali kwenye mteremko anahitaji uzito wake uwe katikati ya mguu. Kuhusu pembe, nilimkalisha juu ya meza miguu ikining'inia, nikatazama vidole vinaelekea wapi vyenyewe. Kushoto kulielekea nje waziwazi. Nikaifuata pembe hiyo, sikuinyoosha. Bolti nilizikaza kwa niutoni-mita 5 hadi 6, na grisi kwenye nyuzi, maana bolti kavu ndani ya tope letu haitafunguka tena. Skrubu za springi zote nne nililegeza hadi karibu na mwisho.

Mazoezi tuliyafanya kwenye nyasi za uwanja wa mpira, si barabarani. Mguu mmoja kwanza, mwingine ukiwa huru. Kanuni niliyompa ni moja: kisigino kitoke kabla breki haijashikwa, sio baada. Wote huanguka mara ya kwanza namna moja, baiskeli ikiwa imesimama kabisa, polepole, kwa ubavu, watoto wakitazama. Afande alianguka hivyo, akainuka, akapiga saluti kwa watoto, tukaendelea.

Baada ya mvua

Alirudi na mambo mawili. Goti la kulia lilimuuma upande wa nje alipopanda. Nilipotazama kliti, bolti moja ilikuwa imelegea na kliti imejizungusha. Ndiyo maana kliti mpya hukazwa tena baada ya safari ya kwanza, hata kama zilikazwa vizuri. Nikairudisha, nikaongeza digrii mbili tatu kuelekea nje. Maumivu yaliisha.

La pili ni lile nililolitegemea: juu ya Wanale tope lilijaa na pedali zikagoma. Alifanya tulichokubaliana, akapiga ncha ya kiatu kwenye fremu ya pedali, akatoa kijiti, akakwangua, akanasa. Sehemu ya chini ya kupanda aliimaliza akiwa amekanyaga fremu bila kunaswa. "Kama ningekuwa na zile ndogo zisizo na fremu ningetembea," alisema. Muundi wa kushoto haukuwa na jeraha jipya.

Nilimpa onyo moja kuhusu kukausha. Viatu hivi havianikwi karibu na sigiri. Gundi huachia na soli hukunjamana. Vitolewe kitanda cha ndani, vijazwe magazeti, magazeti yabadilishwe jioni, vikae kivulini penye upepo. Maji yanaingilia chini, kwenye matundu ya kliti, kwa hiyo ndani ya kisigino panaweza kuonekana pakavu huku mbele kumelowa chapa.

Viatu vya kaboni alivichukua kijana wa chuo mwenye mguu mwembamba anayeendesha lami ya Tororo, na vinamfaa, japo nilimwonyesha zile nyufa. Candy bado ziko kwa Afande. Matundu ya kiatu chake kipya ni yaleyale mawili, kwa hiyo siku mpwa atakapoleta kliti za shaba anaweza kubadilisha kliti na pedali pamoja na kuzijaribu kwenye tope halisi. Mpwa amesema atakuja Desemba. Mvua kubwa zinaanza Machi.